Grisi, Namba na Mkono wa Amana

Spana ya toki hupima ukaidi wa bolti, na ukaidi si mkazo. Fundi anayekaza bolti ya baiskeli anatafuta kitu kimoja tu, kubana. Chuma cha bolti kikizungushwa mpaka mwisho huvutika kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni, na kwa kuwa kinataka kurudi kwenye urefu wake wa awali, huvishika vipande viwili visiachane. Nguvu ya kuvutika huko ndiyo mkazo, nayo ndiyo inayofanya usukani usizunguke mkononi na keria isidondoke barabarani. Spana haina njia ya kuona kuvutika huko. Inachohisi ni nguvu ya kuzungusha, ile ambayo mafundi huiita toki na ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita, na mtumiaji anabaki kuamini kwamba toki fulani imezaa mkazo fulani. Imani hiyo inatikisika pale grisi inapoingia.

Katika kila sehemu kumi za nguvu anayoitoa mkono, takriban tano hupotea kwenye msuguano wa chini ya kichwa cha bolti, nne kwenye msuguano wa meno, na moja ndiyo inayovuta chuma. Hayo ni makadirio, nayo hupanda na kushuka kwa aina ya chuma na ubora wa meno, ila yanatosha kuonyesha jambo lenyewe: karibu kila anachokilipa fundi huenda kwa msuguano, na ni chenji tu inayobaki kufanya kazi iliyokusudiwa. Wahandisi hukusanya mambo yote ya msuguano katika namba moja, ambayo kwa bolti kavu ya chuma hukadiriwa kuwa 0.2 na kwa bolti iliyopakwa mafuta 0.15. Mkazo hupatikana kwa kugawanya toki kwa namba hiyo mara kipenyo cha bolti. Bolti ya milimita 8 ikikazwa kwa nyutoni-mita 20 ikiwa kavu itabana kwa nyutoni 12,500, sawa na uzito wa tani moja na robo. Ikipakwa grisi, na spana ikabaki palepale kwenye 20, itabana kwa nyutoni zaidi ya 16,600, yaani theluthi moja zaidi. Pakitumika grisi ya kuteleza mno, namba ikashuka hadi 0.12, mkazo hupita nyutoni 20,000.

Bolti ya ukubwa huo iliyopigwa chapa ya 8.8 kichwani huweza kubeba nyutoni 21,000 na ushei bila kuharibika, kwa hiyo inaponea chupuchupu. Bolti laini ya gredi 4.6 hufikia kikomo chake kwenye nyutoni 8,000 na ushei, maana yake ni kwamba ilikuwa imeshapita mpaka hata kabla ya grisi kufika. Bolti nyingi zinazouzwa kwa kupimwa kwenye mizani, zikiwa zimechanganywa ndani ya kopo, hazina chapa yoyote kichwani, na hapo mnunuzi ananunua kimya.

Chukua mfano wa Usagara, njiapanda iliyo kusini mwa jiji la Mwanza, katika wilaya ya Misungwi, mahali barabara ya Shinyanga inapoachana na ile inayokwenda Kigongo, Sengerema na Geita. Baiskeli za ukanda huu ni za mizigo: chuma kizito, keria pana nyuma, magunia ya mkaa, madumu ya maji au maziwa, dagaa, na mara nyingi mtu juu yake. Unyevu wa ziwa na vumbi la barabara za vijijini vinashirikiana kuila bolti. Isiyopakwa kitu hushikwa na kutu mpaka siku ya kuifungua ikatike shingo, na kwa sababu hiyo mafundi wa pembeni mwa barabara hupaka. Wanachopaka ndicho kinachopatikana: grisi ya kopo ikiwa ipo, na mara nyingi oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kwa vipimo vya msuguano, mbili hizo si kitu kimoja. Oili chafu yenyewe haifanani leo na kesho, kwani hutegemea imetoka kwenye injini gani na imebeba masizi kiasi gani.

Si haki kujifanya kwamba spana ya toki ni chombo cha kawaida chini ya mwembe. Baiskeli ya mzigo imeundwa kusamehe. Mikono ya pedali hushikiliwa na kotapini zinazopigwa nyundo, nati za ekseli hukazwa kwa spana namba 15 mpaka mkono useme basi, na kosa dogo hulipwa na unene wa chuma. Spana ya toki ilizaliwa penginepo, kwenye kazi isiyosamehe. Conrad Bahr, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York, huhesabiwa kuwa ndiye aliyeibuni mwaka 1918, kwa sababu watu walikuwa wakikaza kupita kiasi bolti za viungio vya mabomba na kuzikata. Kwenye baiskeli ilifuata pale vyuma vilipopunguzwa unene na fremu za alumini na kaboni zilipoingia. Bolti nyembamba ya milimita 5 inayobana usukani wa kaboni huandikiwa nyutoni-mita 5 hivi. Kaboni haipindi kwanza ili kutoa onyo: hupasuka ndani kwa ndani, na mpandaji hupata habari akiwa kwenye mteremko. Baiskeli za namna hiyo sasa zinaonekana Mwanza pia, chache, na zinapoharibika huletwa kwa mafundi waliofundwa na zile nzito.

Hapo ndipo swali la ufundi linapogeuka kuwa swali la dini na falsafa. Kitabu cha mtengenezaji kimesema 5. Fundi ameseti spana kwenye 5, imelia kuashiria imefika, ameacha. Alikuwa amepaka grisi, kama anavyopaka kila siku, na kitabu kilikuwa kinazungumzia bolti kavu. Kaboni ikapasuka. Je, namba ilidanganya? Na kama hakuna aliyedanganya, nani anadaiwa?

Watu wa Kanda ya Ziwa si wageni katika swali la kipimo kinachodanganya. Pamba ya Usukuma ilijenga vyama vya ushirika, na vyama hivyo vilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya malalamiko ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliokuwa wakiuza pamba kwa wafanyabiashara wenye viwanda vya kuchambulia walishuku kwamba wanapunjwa kwenye mizani, wakaanza kupima pamba yao kwa mizani huru kabla ya kuipeleka sokoni. Paul Bomani aliongoza chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vidogo viliungana kuunda shirikisho la Victoria, ambalo baadaye likawa Nyanza. Bomani mwenyewe aliishia kuwa waziri wa fedha wa nchi huru. Mizani ilikuwa siasa, na siku hizi Wakala wa Vipimo huizungukia na kuikagua.

Dini mbili kubwa za ukanda huu zimeliweka suala hilo mahali pa juu. Sura ya 83 ya Qurani imepewa jina la wapunjaji, wale wanaojaza wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Torati, katika Kumbukumbu la Torati, inamkataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Makatazo yote hayo yana mtu ndani yake: yupo mwenye nia mbaya, yupo anayepunjwa, na chombo ni shahidi aliyehongwa. Dawa yake ni mizani ya pili, kama walivyofanya wakulima wa pamba.

Spana iliyo kwenye bolti yenye grisi haina mwovu. Spana nzuri inaruhusiwa kukosea asilimia 4 au 6 tu, na ikipelekwa kukaguliwa itafaulu. Kitabu hakikupunja. Grisi ilipakwa kwa nia njema, kuzuia kutu. Hata mizani ya pili haisaidii, kwa kuwa spana ya pili nayo itasoma 5 ileile. Ukweli wote umo mezani na matokeo bado ni uongo. Pamoja na ubora wa spana, mkazo unaopatikana kwa njia ya toki huweza kupishana kwa robo au zaidi kati ya bolti na bolti. Kosa limekaa kwenye pengo lililo kati ya kile kinachopimwa na kile kinachotakiwa. Namba haijui hali. Ilitamkwa kwa sharti, na sharti likaachwa nje ya mlango.

Jibu la kwanza linalokuja kwa watu wa dini ni nia. Mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari unafunguliwa kwa hadithi ya nia, na walimu wa madrasa huwafundisha watoto hiyo mapema kuliko karibu zote. Nia humwokoa fundi mbele ya Mungu. Haimfidii mwenye baiskeli. Sheria ya Kiislamu ililiona pengo hilo zamani, na katika kulishughulikia imeiachia lugha ya Kiswahili maneno mawili ambayo wasemaji huyachanganya kila siku: amana na dhamana. Mkono wa amana ni wa mtu aliyekabidhiwa kitu. Kikiharibika bila yeye kuvuka mpaka au kuzembea, halipi. Mkono wa dhamana hulipa kwa vyovyote. Wanazuoni wa Kimaliki waliwatwisha mafundi dhamana ya vitu walivyoachiwa, kwa hoja kwamba pasipo hivyo mali za watu zingepotea na kila fundi angekuwa na kisa cha kusimulia. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, rai iliyopewa nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni wa amana.

Rai ya Kishafii inaonekana kuwa nyepesi kwa fundi, lakini kwenye bolti yenye grisi inageuka kuwa nzito kuliko ile nyingine. Fundi wa Kimaliki anajua atalipa, na hana haja ya kujichunguza. Fundi mwenye mkono wa amana lazima aulizwe kama alizembea, na hapo uzembe unahitaji kuelezwa ulipo. Kutofuata namba ni uzembe wa wazi. Je, kuifuata namba bila kuuliza imesemwa kwa hali gani, nako si uzembe? Inaelekea ndivyo. Aliyekabidhiwa baiskeli hakukabidhiwa namba. Alikabidhiwa usukani usiopasuka, na 5 ilikuwa njia tu ya kufika huko. Anayeshika njia akasahau mwisho wake ameirudisha amana nusu, hata kama kila alichofanya kinaweza kuonyeshwa kwenye ukurasa.

Ukali huo una mpaka wake. Kama kitabu hakikusema iwapo bolti ni kavu au ya grisi, na vingi vya bei nafuu havisemi, basi mtengenezaji ndiye aliyeliacha sharti nje ya mlango, na kumlaumu mtu wa mwisho mwenye spana ni desturi ya wenye nguvu kila mahali. Dhambi ya namba isiyo na sharti huanzia kwa aliyeitamka. Wengi wa watengenezaji wa baiskeli ghali siku hizi wanaandika waziwazi kwamba bolti ipakwe grisi kwanza, na namba yao imeshaihesabu. Kwa bolti za namna hiyo kosa hugeuka: anayekaza kavu kwa namba iliyokusudiwa grisi hupata mkazo pungufu, spana inalia mapema, na bolti inaanza kujilegeza yenyewe barabarani. Fundi aliyezoea kwamba grisi ni hatari atakosea kwa kuiacha, kama yule wa kwanza alivyokosea kwa kuipaka.

Aristotle aliligusa jambo hili kutoka upande wa sheria. Katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako anasema sheria hutamkwa kwa ujumla, na maisha huja na hali ambazo mtunga sheria hakuziona, ndiyo maana inahitajika haki ya pili inayoisahihisha ile ya kwanza pale ujumla wake unapoangusha. Mfano wake ni wa mafundi: wajenzi wa kisiwa cha Lesbos walipimia kwa rula ya risasi, ambayo hupinda kufuata umbo la jiwe. Mfano huo husomwa kwa haraka kana kwamba unasifu ulegevu. Rula ya risasi si legevu. Inalishika jiwe kwa ukaribu kuliko rula ya chuma, na anayeitumia ana kazi zaidi, maana hana budi kulitazama kila jiwe. Anayepunguza toki kwa sababu ya grisi haivunji sheria ya kitabu. Anatimiza kile ambacho kitabu kingekitafuta kama kingekuwepo pale.

Mkono wa fundi mzoefu ni rula ya namna hiyo, ila nao una udhaifu ambao wapenzi wa ujuzi wa jadi hawapendi kuutaja. Mkono unahisi vizuri sana pale bolti inapoanza kuvutika kupita kiasi: ukaidi uliokuwa ukipanda unasita ghafla, na fundi husema bolti imekuwa laini. Lakini kuhisi huko ni habari ya msiba. Kabla ya hapo, mkono nao unapima ukaidi uleule unaopimwa na spana, na grisi inaudanganya vilevile. Faida ya mkono iko kwingine: mwenye mkono ndiye aliyeipaka grisi, aliona kutu kwenye meno, alisikia mchanga ukisagika, anakumbuka kwamba bolti hii imeshafunguliwa mara nyingi. Spana haikumbuki. Ugomvi wa mkono na chombo, ambao vijana na wazee wa gereji huweza kubishana kutwa nzima, umewekwa mahali pasipo pake.

Kuna jambo moja zaidi, la kusikitisha kidogo. Bolti ikishakazwa, hakuna anayeweza kurudi na spana ileile kuisoma. Akiizungusha tena, kinachopimwa ni nguvu ya kuianzisha kutoka kwenye utulivu, nayo ni tofauti na ile ya kuendeleza mwendo. Akilegeza, amekipoteza alichotaka kukijua. Mkaguzi anayepita nyuma ya fundi anakagua kitu kingine. Ukweli wa bolti ulikuwepo kwa sekunde chache wakati wa kukaza, na shahidi wake alikuwa mmoja.

Ziko njia za kulipita pengo hilo kwa kuupima mkazo wenyewe. Kuna kuhesabu pembe ambayo nati imezunguka baada ya kugusa, kwani mzunguko huelezea kuvutika moja kwa moja kuliko toki. Kuna kupima urefu wa bolti kabla na baada. Kuna mawimbi ya sauti yanayopitishwa ndani ya chuma. Mfano mkubwa zaidi katika eneo hili uko mwisho wa barabara inayotoka Usagara. Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 kuunganisha Kigongo na Busisi, lina urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba ambayo hapo awali ilivukwa kwa kivuko, na katikati yake linashikiliwa na nyaya. Nyaya za madaraja ya aina hiyo hazikazwi kwa kuzungushwa. Hushikwa na jeki za haidroliki na kuvutwa, na shinikizo la mafuta ndani ya jeki hueleza mvuto ni kiasi gani. Mafuta yale yale yanayompoteza fundi wa baiskeli hapo ndiyo yanayosema kweli, kwa kuwa yamewekwa upande wa kupima.

Bolti ya milimita 5 ya usukani haina nafasi ya jeki. Inayobaki ni kazi ya kuuliza na kupunguza. Kama namba ni ya bolti kavu na grisi imepakwa, mafundi na wahandisi hushusha toki kwa robo hivi, 20 ikawa 15. Hesabu ya namba mbili za mwanzo, 0.2 na 0.15, inafika palepale. Kama namba ni ya grisi, haiguswi, ila grisi lazima iwepo kweli, tena kwenye meno na chini ya kichwa, maana nusu ya msuguano iko huko chini na wengi hupaka meno peke yake. Bolti hukazwa kwa awamu, zile za jozi kwa zamu, na spana ya toki ikishalia mara moja haivutwi tena kwa uhakika wa ziada, kwa kuwa kila mlio huongeza kidogo. Baiskeli ikitoka gereji, fundi anayeijua kazi yake humwambia mwenye baiskeli amepaka nini na amekaza kwa ngapi, na kama atapitia hapo wiki ijayo airudishe itazamwe.